Mtunzi Anapoiacha Bendi

Wanafunzi wa Matinyani, magharibi mwa Kitui, walinitupia swali juzi: je, mtunzi aliyelelewa na bendi akirekodi albamu kwa jina lake peke yake, si msaliti? Miongoni mwao yumo mvulana mwenye gitaa na daftari lililojaa nyimbo za roki. Anataka kwenda studio peke yake, na wenzake wamemnunia.

Swali hilo lina uzito Ukambani. Kilumi haichezwi na mtu mmoja. Hata gitaa lilipoingia, santuri ziliuzwa kwa majina ya bendi: Kilimambogo Brothers ya marehemu Kakai Kilonzo, Kyanganga Boys ya Peter Mwambi. Ni wangapi kati yetu wanaomjua aliyepiga gitaa la pili?

Jibu langu nalitoa Nairobi. Katika miaka ya 1970 Job Seda alikuwa mwanachama wa Black Savage, bendi ya roki. Baadaye alijiita Ayub Ogada, akahamia Uingereza, na huko London akawa anapiga nyatiti ya Waluo katika vituo vya treni za chini ya ardhi. (Ajabu ya msanii: aliacha roki nyumbani akaenda kupiga nyatiti ugenini!) Mwaka 1993 kampuni ya Real World, iliyoasisiwa na Peter Gabriel, ilitoa albamu yake, En Mana Kuoyo.

Wengi huusifu humo wimbo wa Kothbiro kana kwamba ulizaliwa siku hiyo. La hasha! Black Savage walikuwa wameurekodi mwaka 1976. Sauti ya Ogada ilisikika tena katika filamu ya The Constant Gardener mwaka 2005, na mwaka 2018 Mmarekani Kanye West akachukua kipande cha ile rekodi ya kale ya bendi. Ogada alifariki mwaka 2019.

Mimi sioni usaliti katika kuondoka. Usaliti ni kufuta jina la mwenzako aliyetia mkono katika utunzi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, lakini mahakama haiwezi kukisia nani alitunga nini chini ya mwembe.

Basi kijana na aende studio. Ila kwanza aketi na hao walionuna, waandike kando ya kila wimbo aliyeleta maneno, aliyeleta sauti, na tarehe. Mwalimu mmoja akitia saini kama shahidi, itachukua alasiri moja tu.