Daktari Aliyeugua Kifua Akatufundisha Kukiponya



Mama mmoja wa Kaagya aliletwa wodini kwetu akishikiliwa na wanawe wawili. Mwaka uliotangulia alikuwa ameanzishiwa dawa za kifua kikuu. Baada ya miezi miwili kikohozi kilikwisha, jasho la usiku likakauka, akalala usingizi mzuri na kunenepa. Akaona amepona. Vidonge vilivyobaki akavifungia kwenye kopo, "vitanisaidia ukirudi," akaenda kupalilia kibanja chake. Ugonjwa ukarudi kweli, na safari hii mjukuu wake aliyekuwa akilala naye alikuwa anakohoa pia.

Sikumgombeza. Nilimsimulia habari za daktari mmoja wa mapafu, nami nawasimulia ninyi leo.

Daktari huyo aliitwa Karel Styblo. Alizaliwa mwaka 1921 katika nchi iliyoitwa Czechoslovakia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wanazi walimfunga katika kambi ya Mauthausen, huko Austria, na humo akaambukizwa kifua kikuu. Aliponusurika alisomea udaktari, akahitimu mwaka 1950, na kazi yake yote ikawa kupambana na ugonjwa uliokuwa umemshika mwenyewe. Baadaye alihamia Uholanzi na kufanya kazi na Umoja wa Kimataifa wa Kupambana na Kifua Kikuu.

Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma, na Styblo akawa mshauri wake mkuu. Wakati ule matibabu yalichukua mwaka mzima au zaidi, na wagonjwa wengi waliacha njiani. Dawa kali iitwayo rifampisini ilikuwapo, lakini wakubwa wengi duniani walisema ni ghali mno kwa nchi maskini. Styblo hakukubali. Alisema mgonjwa asiyepona ndiye ghali zaidi, kwa sababu anaendelea kuambukiza. Yeye mwenyewe alikadiria kwamba mgonjwa mmoja mwenye vijidudu kwenye makohozi, asipotibiwa, huambukiza watu wapatao 10 kwa mwaka.

Utaratibu wake ulikuwa rahisi. Makohozi yapimwe kwa darubini, hata katika hospitali ndogo. Mgonjwa ameze dawa mbele ya mtu, hasa miezi miwili ya kwanza. Dawa zisikosekane. Kila mgonjwa aandikwe kwenye daftari, na mwishoni ihesabiwe ni wangapi waliopona, siyo vidonge vingapi vilivyogawiwa. Kwa njia hiyo, takribani wagonjwa 80 kati ya kila 100 waliponywa. Malawi, Msumbiji, Benin na Nicaragua zikafuata. Katikati ya miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani likaueneza utaratibu huo ulimwenguni kote kwa jina la DOTS. Styblo alifariki mwaka 1998. Kwa hiyo, somo ambalo dunia nzima imejifunza lilifanyiwa kazi kwanza katika wilaya zetu za Tanzania.

Sisi wa Kagera tuna sababu ya kulishika zaidi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani kwetu mwaka 1983, na UKIMWI ukakiamsha kifua kikuu. Tangu hapo wapo wanaoficha kikohozi wakiogopa kunyoshewa kidole. Ndugu, siyo kila mwenye kifua kikuu ana virusi vya UKIMWI. Na aliye navyo, kifua chake hupona vilevile akitibiwa.

Yashikeni haya:

Ukikohoa kwa wiki mbili au zaidi, ukitoka jasho usiku hadi shuka kulowa, ukikonda au kutema damu, nenda ukapimwe makohozi. Hospitali nyingi sasa zina mashine ya GeneXpert, ambayo kwa muda wa saa mbili hivi huonyesha vijidudu, na pia kama vimekuwa sugu kwa rifampisini.

Dawa hutolewa bure. Kwa kawaida ni za miezi 6. Miezi miwili ya kwanza huua vijidudu vingi. Inayobaki huua vile vilivyojificha. Anayeacha katikati huviachia nafasi ya kurudi, pengine vikiwa sugu.

Mkojo kuwa mwekundu ni rangi ya dawa, usiogope. Lakini macho yakiwa ya manjano, rudi upesi hospitali.

Usimtengee mgonjwa kikombe na sahani. Ugonjwa huu hupita hewani kwa kukohoa. Fungua madirisha, naye azibe mdomo anapokohoa. Watoto na wote wanaoishi naye wapelekwe kupimwa.

Yule mama alipimwa upya. Kwa rehema ya Mungu, vijidudu vyake havikuwa sugu. Mwanawe mkubwa alikaa naye kila asubuhi mpaka ameze, akatia alama kwenye kadi, miezi 6 bila kuruka siku. Mjukuu naye alitibiwa, na amerudi shuleni.

Katika Jumuiya yako ndogo ndogo, je, yupo anayekohoa na kunyamaza? Msindikize kupimwa. Na akianza dawa, uwe wewe wa kukaa naye anapomeza, hadi kidonge cha mwisho.