Kukaa Chumba Kimoja na Mwenzio

Wengi wetu tunaotoka mbali tumepanga vyumba karibu na shule, wawili wawili, na wazazi hudhani kwamba kinachotushinda ni masomo tu. Mara nyingi ni umeme na ndoo ya maji. Nawajua wawili waliotengana kwa ugomvi wa namna hiyo. Aliyebaki hakuweza kulipa kodi peke yake, akarudi kijijini kabla ya muhula kwisha.

Umeme wa Luku hununuliwa kabla ya kutumiwa, basi ukikatika usiku wa kuamkia mtihani kila mmoja humshuku mwenziwe. Ulipotukatikia sisi sikusema neno, kwa maana mtu aliyekaa gizani hasikii ila lawama. Nilingoja Jumamosi, tumekwisha kula, nikatoa daftari nikamwomba mwenzangu tufanye hesabu pamoja. Yuniti moja ni wati 1000 kwa muda wa saa moja. Taa yetu ya wati 10 huimaliza kwa saa 100. Pasi ya wati 1000, ikiwaka mfululizo, huimaliza kwa saa moja. Naye hupiga pasi kila asubuhi! Lakini hayo sikuyatamka mimi, aliyasoma mwenyewe daftarini, akacheka, akasema atanyosha nguo zake zote Jumapili kwa mara moja.

Mwenye nyumba hatukumwita. Akiisha kuingizwa katika habari ya pasi, kesho ataulizia na wageni wenu.

Ama ndoo, anayeikuta tupu huijaza, hata kama si yeye aliyeitumia.