Kompyuta ya shule: je, jina kubwa lina thamani ya pesa yako?

Je, mtoto wako anaingia chuo, au wewe mwenyewe umepata nafasi ya kusoma na umeambiwa uje na kompyuta? Kwa familia nyingi za wakimbizi wanaoishi Kigali, na kwa majirani wao wenyeji pia, kompyuta inaweza kuwa kitu cha bei kubwa kuliko vyote vitakavyonunuliwa mwaka huo. Mara nyingi pesa imetoka kwenye ikimina, au imetumwa na ndugu aliye ng'ambo, na haitapatikana tena haraka. Ukikosea, mwanafunzi anabaki na mashine iliyokufa katikati ya muhula, na masomo hayamsubiri.

Dukani mazungumzo huanza na jina: "Hii ni Apple," "Hii ni HP yenyewe." Makala haya yanaeleza jina lina maana gani, wakati gani inafaa kulilipia, na wakati gani unalipia kifuniko tu.

Anza shuleni, si dukani

Kabla ya kwenda madukani mjini, muulize mwalimu au ofisi ya chuo maswali mawili: mwanafunzi atatumia programu gani, na mitihani inafanyika kwenye mfumo gani?

Mwanafunzi wa sekondari, au wa chuo anayesoma biashara, ualimu au uuguzi, kwa kawaida anahitaji kuandika, kutumia majedwali ya hesabu, kufungua intaneti na kufuata masomo ya video. Kazi hizo hazihitaji mashine ya gharama kubwa. Anayesoma uhandisi, usanifu wa majengo au ramani yuko katika hali tofauti. Programu kama Revit, SolidWorks na ArcGIS Pro zimetengenezwa kwa ajili ya Windows. Mwanafunzi wa aina hii akinunua MacBook kwa sababu ya jina, anaweza kujikuta na mashine nzuri isiyoweza kufanya kazi aliyotumwa.

Jina moja, mashine mbili tofauti

Kampuni kubwa kama HP, Dell na Lenovo hutengeneza angalau aina mbili za kompyuta mpakato. Aina ya kwanza ni ya kuuzwa kwa watu wa kawaida kwa bei nafuu, kama Dell Inspiron, Lenovo IdeaPad au HP 15. Aina ya pili ni ya maofisi: Dell Latitude, Lenovo ThinkPad, HP EliteBook na ProBook. Hizi za ofisini mara nyingi zina mwili na bawaba imara zaidi, na nyingi kati yake fundi anaweza kuzifungua, akabadilisha betri au kuongeza kumbukumbu.

Kampuni nyingi za Ulaya na Marekani hubadilisha kompyuta za wafanyakazi wao baada ya miaka mitatu au minne hivi. Zile za zamani husafishwa na kuuzwa tena, na nyingine hufika katika maduka yetu. Ndiyo maana unaweza kukuta ThinkPad au Latitude ya mtumba ikiuzwa bei sawa na kompyuta mpya ya daraja la chini.

Kwa hiyo unapoambiwa "hii ni Dell," uliza: Dell gani? Jina la kampuni peke yake halitoshi. Jina la aina, lililoandikwa kwa herufi ndogo pembeni mwa kibodi au chini ya mashine, lina maana zaidi kuliko nembo kubwa ya nyuma.

Vitu vinne vya ndani

1. Prosesa. Huu ndio ubongo wa kompyuta. Usitosheke kuambiwa "ni i5," kwa sababu i5 zimetengenezwa kwa miaka mingi. Angalia tarakimu zinazofuata baada ya kistari. i5-6300U ni ya kizazi cha sita, i5-8350U ni ya kizazi cha nane, na i5-1135G7 ni ya kizazi cha kumi na moja. Hapa kuna sababu kubwa ya kuwa makini: Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, iliyochukua nafasi yake, kwa upande wa Intel inakubali rasmi kuanzia kizazi cha nane. Mashine ya kizazi cha sita bado itawaka, lakini kinga yake dhidi ya virusi na wezi wa mtandaoni inazidi kuzeeka.

2. RAM. Hii ni nafasi ya kufanyia kazi, kama ukubwa wa meza. Windows 11 inataka angalau GB 4, lakini kwa GB 4 mwanafunzi atasubiri sana akifungua somo la video na daftari lake kwa pamoja. Tafuta GB 8.

3. Diski. Tafuta SSD, hata ikiwa ndogo ya GB 256. Diski ya zamani inayozunguka ni nzito kuwaka na huharibika upesi ikitikiswa njiani. Kati ya diski ya zamani ya GB 1,000 na SSD ya GB 256, mwanafunzi achukue SSD.

4. Betri. Mtaani umeme unaweza kukatika usiku wa kuamkia mtihani, na darasani soketi hazitoshi wote. Kompyuta inayozimika mara ukichomoa chaja haikufai, iwe ya jina gani.

Vipi kuhusu Apple?

Tuseme ukweli: MacBook Air zenye chipu ya M1, zilizotoka mwishoni mwa mwaka 2020, na zilizofuata, ni mashine nzuri sana. Betri zake hudumu, na hazipigi kelele. Anayeweza kuimudu bila kukopa, na ambaye masomo yake hayahitaji programu za Windows, hajakosea.

Lakini kuna mambo matatu ya kupima. Kwanza, RAM yake haiwezi kuongezwa baadaye. Unachonunua ndicho utakachobaki nacho. Pili, Apple haina duka lake lenyewe barani Afrika, kwa hiyo kioo kikipasuka, kupata kipuri halisi ni kazi ngumu na ya gharama. Tatu, MacBook inaweza kuwa imefungwa kwa akaunti ya mmiliki wa zamani. Ikiwa ni hivyo, siku itakapofutwa ili ianzishwe upya haitakubali bila nenosiri lake, na fundi mwaminifu hawezi kukusaidia.

Tena, tahadhari na MacBook za zamani zenye prosesa za Intel. Zinang'aa na zinauzwa bei ya kuvutia, lakini toleo la mfumo wa Apple la mwaka 2025 ndilo la mwisho kukubali mashine za Intel, na hata hilo linakubali chache tu. Hapo ndipo mnunuzi hulipia nembo.

Mfano wa faranga 300,000

Bei hubadilika kila wiki, kwa hiyo tuchukue mfano tu. Familia imeweka faranga 300,000 na dukani kuna mashine tatu za bei inayokaribiana: kompyuta mpya kabisa yenye prosesa ya Celeron na RAM ya GB 4, MacBook Air ya mwaka 2013, na ThinkPad ya mtumba ya kizazi cha nane yenye RAM ya GB 8 na SSD.

Ile mpya ina harufu ya upya na dhamana ya duka, lakini itakuwa nzito tangu siku ya kwanza. MacBook itapendeza machoni pa wanafunzi wenzake, lakini mfumo wake umeshaachwa nyuma. ThinkPad ina mikwaruzo na rangi yake ni nyeusi tu, lakini ndiyo yenye nafasi kubwa zaidi ya kumfikisha mwanafunzi mwisho wa masomo yake. Hapa jina kubwa lina faida, kwa sababu limekuja na mwili imara na vipuri vinavyopatikana.

Usimalize pesa zote kwenye mashine. Tenga sehemu kwa ajili ya mkoba mzuri, flashi ya kuhifadhi nakala za kazi, na betri ambayo huenda ukalazimika kuibadilisha.

Kabla hujatoa pesa

Usione haya kuchukua nusu saa dukani. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

- Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha fungua sehemu ya "Performance". Utaona prosesa, kiasi cha RAM, na kama diski ni SSD.
- Kupima betri kwenye Windows, fungua "Command Prompt" na uandike: powercfg /batteryreport. Fungua faili litakalotajwa, kisha linganisha "Design Capacity" na "Full Charge Capacity". Ikiwa namba ya pili imeshuka chini ya nusu ya ya kwanza, betri imechoka. Omba ibadilishwe au bei ipunguzwe.
- Zima kompyuta na uiwashe tena. Ikidai nenosiri kabla ya Windows kufunguka, au ikitaja jina la kampuni fulani, iache. Huenda imefungwa, au imeibwa.
- Jaribu kila herufi ya kibodi, kamera, sauti, Wi-Fi na tundu la chaja. Kompyuta zinazotoka Ufaransa au Ubelgiji huwa na kibodi ya AZERTY. Mwanafunzi aliyezoea QWERTY atasumbuka.
- Dai fagitire ya EBM yenye namba ya siri ya mashine, yaani namba yake ya utambulisho, na muda wa dhamana ulioandikwa. Kwa mkimbizi hasa, karatasi hiyo ni ushahidi kwamba kompyuta ni mali yako endapo utaulizwa njiani au ikiibwa.

Kama pesa haijatosha

Kusubiri mwezi mmoja ni bora kuliko kununua mashine mbovu leo. Ukiwa na kompyuta ya zamani nyumbani, muulize fundi bei ya kuiwekea SSD na kuongeza RAM. Mara nyingi inafufuka. Kama haikubali Windows 11, inaweza kuwekewa Linux Mint au Ubuntu pamoja na LibreOffice, vyote bila malipo, ili mradi chuo hakidai Windows. Betri iliyovimba isitumike wala isitupwe jalalani, kwa sababu inaweza kuwaka moto. Bugesera kuna kituo cha Enviroserve Rwanda kinachoshughulikia taka za kielektroniki.

Rwanda yenyewe ina somo la kutukumbusha. Kuanzia mwaka 2008, kupitia mpango wa One Laptop per Child, zaidi ya kompyuta ndogo 200,000 za kijani na nyeupe ziligawiwa kwa wanafunzi wa shule za msingi. Hazikuwa na jina kubwa, na watoto wengi waligusa kompyuta kwa mara ya kwanza kupitia hizo. Lakini pale umeme ulipokosekana, au mwalimu alipokuwa hajafunzwa kuzitumia, zilibaki kabatini. Hata nyumbani ni hivyo hivyo. Baada ya kununua, hakikisha mwanafunzi ana mahali pa kuchaji, muda wa kuitumia bila kusumbuliwa, na mtu wa kumwonyesha hatua za kwanza.

Ukienda dukani wiki hii, nenda na mtu anayezielewa mashine, andika vitu vinne vya ndani kwenye karatasi, na umwombe muuzaji akuonyeshe kimoja baada ya kingine. Jina la nyuma ya kifuniko liangalie mwisho.