Mtoto wa Mbwa Anapokunguruma

Katika viwanja vinavyoendelea kujengwa Tumbi na vitongoji vingine vya Kibaha, mtoto wa mbwa huletwa nyumbani mara nyingi hata kabla ya geti. Huletwa awe mlinzi. Ndiyo maana siku anapokunguruma kwa mara ya kwanza mbele ya sahani yake, wenye nyumba hugawanyika: baba hufurahi kwamba kazi imeanza, kijana wa kazi hushika fimbo, na mama huwaita watoto wasogee mbali. Kati ya hao watatu, mama ndiye aliye karibu zaidi na ukweli.

Kunguruma ni onyo, na mbwa anayeonya anampa mwenzake nafasi ya kurudi nyuma. Mtoto wa mbwa hunguruma pia akicheza. Hapo mwili huwa umelegea, naye huinamisha kifua huku kiuno kikiwa juu. Akikakamaa juu ya mfupa, akakodoa macho pembeni na kukunja pua hadi meno yaonekane, hachezi. Ana hofu, au maumivu, au anachelea kunyang'anywa. Fimbo humnyamazisha tu. Hofu hubaki palepale, na siku nyingine atang'ata bila kuonya.

Chanzo mara nyingi ni malezi. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi ndipo mbwa huzoea watu, sauti na kuguswa. Aliyetengwa na mama yake kabla ya wiki 8 hakupata kufundishwa na ndugu zake kupima nguvu ya meno. Kwetu Pwani nyumba nyingi haziruhusu mbwa ndani kwa sababu ya twahara, na desturi hiyo haina haja ya kuvunjwa: dakika chache uani kila siku, kwa sauti ya upole, zatosha.

Anapokula, aachwe. Anayepita amtupie kipande cha dagaa kisha aendelee na njia yake, hadi mbwa ajue kwamba anayekaribia huleta, hanyang'anyi. Akishika kiatu, apewe kitu kingine badala yake. Watoto wadogo wasiachwe naye peke yao.

Lakini liko jambo zito zaidi. Meno ya mtoto wa mbwa ni membamba kama sindano. Kidonda chake ni kidogo, na wazazi hukidharau. Virusi vya kichaa cha mbwa havipimi ukubwa wa kidonda wala umri wa mbwa. Mbwa mchanga aliyebadilika ghafla, akawa mkali au mpole kupita kawaida, sauti ikageuka, taya likaning'inia na udenda kumtoka, asishikwe. Wapo wanaodhani mfupa umemkwama kooni, wakaingiza mkono mdomoni mwake.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba watu 40 katika kila 100 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo aliyeng'atwa au kuparuzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, asipake majivu wala majani, kisha aende siku hiyohiyo katika kituo cha afya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyopo Tumbi.

Mhudumu atakayempokea asikubali jibu la "kalikuwa katoto tu". Aulize kama mbwa anafahamika, kama alichokozwa, kama amechanjwa. Mbwa mzima anayeweza kufungiwa huangaliwa kwa siku 10, lakini chanjo ya mgonjwa haisubiri siku hizo ziishe. Ikithibitika kwamba mbwa hana ugonjwa, matibabu yanaweza kusitishwa. Jeraha lililotoa damu huhitaji pia kingamwili zinazodungwa kulizunguka.

Mtoto wa mbwa naye apelekwe kwa daktari wa mifugo. Kwa kawaida huchanjwa afikapo miezi 3, na kampeni za chanjo hupokea hata walio wadogo zaidi, hivyo asiachwe nyumbani kwa kisingizio cha umri. Kadi yake iwekwe pamoja na kadi za kliniki za watoto, mahali ambapo hata jirani anaweza kuipata usiku.