Lugha, Kumbukumbu na Kizuizi: Maombi ya Nyaraka za Serikali Kuhusu Wahamiaji Waliobadili Jinsia Nchini Marekani

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna nyaraka za serikali kuhusu wahamiaji waliobadili jinsia, ambao wamewekwa katika vizuizi vya uhamiaji nchini Marekani, zinavyoombwa, zinavyotolewa na zinavyonyimwa. Msingi wa maelezo ni Sheria ya Uhuru wa Habari ya mwaka 1966 pamoja na hukumu zilizoifasiri, hasa hukumu ya mwaka 2022 iliyotokana na kifo cha Roxsana Hernández. Hoja kuu ni kwamba matokeo ya ombi hutegemea lugha kwa kiasi kikubwa: jina, kiwakilishi na kategoria vilivyotumiwa na mwandishi wa waraka ndivyo vinavyoamua kama waraka huo utaonekana au hautaonekana.

1.0 Utangulizi

Kizuizi cha uhamiaji nchini Marekani si kifungo cha jinai. Anayezuiliwa husubiri uamuzi wa kiutawala: aruhusiwe kukaa nchini au arudishwe kwao. Tangu mwaka 2003 shughuli hiyo imo mikononi mwa mamlaka ya utekelezaji wa sheria za uhamiaji na forodha, inayojulikana kwa kifupisho cha ICE, chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani. Kwa kuwa anayezuiliwa hana haki ya kupewa wakili kwa gharama ya serikali, na kwa kuwa vituo vingi viko mbali na miji mikubwa, yanayotendeka humo hujulikana nje kwa njia chache. Mojawapo ya njia hizo ni nyaraka za serikali yenyewe.

Kwa wahamiaji waliobadili jinsia jambo hili lina uzito wa pekee. Idadi yao ni ndogo mno ukiilinganisha na ya wote wanaozuiliwa, lakini hatari zinazowakabili, yaani kudhulumiwa kimwili, kutengwa peke yao na kukosa matibabu, zimeelezwa mara nyingi na mashirika ya haki za binadamu. Swali linalochunguzwa hapa ni hili: mtafiti aliye nje ya kuta atajuaje yaliyowapata, bila ya kuwadhuru kwa kule kutaka kwake kujua?

2.0 Suala la istilahi

Kabla ya kueleza utaratibu, inafaa istilahi ziwekwe bayana. Katika Kiswahili cha vyombo vya habari usemi uliozoeleka ni 'watu waliobadili jinsia'. Usemi huu una kasoro moja: kitenzi 'kubadili' katika hali timilifu huashiria tendo lililokwisha kufanyika, na msomaji huweza kudhani kwamba upasuaji ni sharti. Maana inayokusudiwa ni pana zaidi, nayo ni mtu ambaye anavyojitambua kijinsia ni tofauti na alivyoandikishwa alipozaliwa. Aidha, dhana hii isichanganywe na 'huntha', neno lenye asili ya Kiarabu ambalo huhusu maumbile ya mwili aliyozaliwa nayo mtu. Hapa usemi uliozoeleka unatumika kwa maana hiyo pana.

Neno 'kumbukumbu' nalo lahitaji tahadhari. Katika sheria inayojadiliwa, kinachoombwa ni waraka uliopo, uwe wa karatasi au wa kompyuta, na si maelezo kwa jumla. Serikali hailazimiki kujibu maswali wala kutunga waraka mpya ili kumridhisha mwombaji. Tofauti hii ndiyo inayowapotosha waombaji wengi. Anayeuliza 'Ni wangapi waliotendewa vibaya?' huambiwa kwamba hakuna waraka wa namna hiyo. Anayeomba malalamiko yote yaliyopokelewa na kituo fulani kati ya tarehe mbili alizozitaja ameomba kitu kinachoweza kutafutwa.

3.0 Sheria na utaratibu wake

Sheria ya Uhuru wa Habari ilitiwa saini na Rais Lyndon B. Johnson tarehe 4 Julai 1966, na ikaimarishwa mwaka 1974 Bunge lilipoipinga kura ya turufu ya Rais Gerald Ford. Kwa mujibu wake mtu yeyote anaweza kuomba nyaraka za idara za serikali kuu bila kueleza sababu. Uraia hauulizwi. Katika hilo sheria hii inatofautiana na zile za Kenya na Tanzania, zote za mwaka 2016, ambazo zimewapa haki hiyo raia peke yao. Msomi aliyeko Nairobi au Dar es Salaam, kwa hiyo, anaweza kuiandikia ICE na akawa na haki sawa na ya mwombaji aliyeko Chicago.

Idara hupewa siku 20 za kazi kutoa uamuzi, na nyongeza ya siku 10 za kazi palipo na mazingira yasiyo ya kawaida. Ikikataa, mwombaji ana muda usiopungua siku 90 wa kukata rufaa ndani ya idara yenyewe. Na hapo akishindwa, mlango wa mahakama uko wazi. Muda ukipita bila jibu lolote, mwombaji anaweza kwenda mahakamani moja kwa moja. Kwa kweli ucheleweshaji ni jambo la kawaida, na nyaraka nyingi zilizowahi kutolewa kuhusu vizuizi zilitoka baada ya kesi kufunguliwa.

Sheria ina vighairi tisa vinavyoruhusu waraka kuzuiwa wote au kwa sehemu. Vinavyogusa mada hii zaidi ni vinne: kile cha tano kinachohifadhi mashauriano ya ndani ya serikali, cha sita kinacholinda faragha ya mtu, cha saba, kinachohusu nyaraka za utekelezaji wa sheria, na cha nne, kinacholinda siri za biashara. Hiki cha mwisho kina nafasi yake kwa sababu vituo vingi huendeshwa na makampuni binafsi kwa mkataba. Mwaka 2019 Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo ilipanua tafsiri yake, ikasema kwamba si lazima kampuni ithibitishe kuwa itapata hasara kubwa.

Baadhi ya vituo ni magereza ya wilaya, ambayo kwa kawaida husimamiwa na sheria za habari za majimbo. Hata hivyo, kanuni ya serikali kuu iliyotolewa mwaka 2002 inazikataza serikali za mitaa na makampuni kutoa habari zozote kuhusu wahamiaji wanaowazuia kwa niaba ya serikali kuu. Hivyo mwombaji anayebisha hodi kwenye gereza la wilaya huelekezwa Washington.

4.0 Lugha ya ombi

Waraka hutafutwa kwa maneno. Ofisa anayepokea ombi huingiza maneno fulani katika mfumo wa kompyuta, na kinachotoka ndicho kinachohesabiwa kuwa kipo. Kwa kundi linalojadiliwa hapa, maneno hayo yana matatizo matatu.

Tatizo la kwanza ni jina. Mtu huweza kuwa na jina alilosajiliwa nalo kwao na jina analolitumia. Hati ya kukamatwa huandikwa kwa jina la kwanza. Barua ya malalamiko aliyoiandika mwenyewe huweza kuwa na la pili. Ombi linalotaja moja tu hupata nusu ya habari. Ndiyo sababu waombaji wazoefu hutaja majina yote, pamoja na namba ya jalada la uhamiaji ambayo haibadiliki.

Tatizo la pili ni viwakilishi na alama za jinsia. Kiingereza humlazimu mwandishi achague kiwakilishi cha kiume au cha kike kila anapomtaja mtu, na maofisa wawili huweza kumtaja mtu yuleyule kwa namna mbili katika jalada moja. Kiswahili hakina ulazima huo: kiambishi cha nafsi ya tatu katika ngeli ya kwanza hakitaji jinsia. Hili ni faraja kwa anayetafsiri kwa Kiswahili, lakini pia ni mtego. Tafsiri iliyo sahihi kisarufi huweza kuufuta ushahidi wenyewe, kwa kuwa kule kubadilika kwa viwakilishi ndiko kunakoonyesha jinsi ofisa alivyomwona mtu aliyekuwa mikononi mwake. Mfasiri hana budi kuliongezea maelezo jambo ambalo lugha chanzi inalisema kwa neno moja fupi.

Tatizo la tatu ni kategoria za idara. Mwongozo wa ICE wa Juni 2015 kuhusu matunzo ya wahamiaji waliobadili jinsia ulileta nyaraka za aina mpya: mahojiano ya hiari kuhusu utambulisho wa kijinsia, kamati ya kuamua mahali pa kumweka mhusika, na mpango wa matunzo wa mtu binafsi. Kadhalika, agizo la mwaka 2013 kuhusu kutengwa liliwataka maofisa watoe taarifa za watu wanaowekwa peke yao. Mwombaji anayezijua nyaraka hizi kwa majina yake huomba kile ambacho idara haiwezi kudai kwamba hakieleweki. Kwa njia ya namna hiyo muungano wa kimataifa wa waandishi wa habari za uchunguzi ulipata taarifa zaidi ya 8,000 za kutengwa, ukazichambua hadharani mwaka 2019.

5.0 Kisa cha Roxsana Hernández

Roxsana Hernández, mzaliwa wa Honduras mwenye umri wa miaka 33, alifika mpaka wa San Ysidro, California, tarehe 9 Mei 2018 akiomba hifadhi. Baada ya siku chache alipelekwa Cibola, jimbo la New Mexico, kwenye kituo kilichokuwa na sehemu maalumu ya wanawake waliobadili jinsia, ambacho kiliendeshwa na kampuni ya CoreCivic. Tarehe 25 Mei alifariki hospitalini Albuquerque. Ofisi ya uchunguzi wa vifo ya jimbo ilihusisha kifo hicho na maradhi yaliyotokana na UKIMWI. Uchunguzi wa pili, uliofanywa kwa ombi la mawakili wa familia, ulitaja upungufu mkubwa wa maji mwilini na alama za kupigwa.

Pakiwa na maelezo mawili yasiyolingana, nyaraka ndizo zilizobaki kuwa shahidi. Shirika la Transgender Law Center liliomba nyaraka hizo mwaka 2019, na muda wa kisheria ulipopita likafungua kesi. Barua pepe zilizojulikana mwaka huohuo zilionyesha kwamba picha za video za kituoni zilihifadhiwa kwa takriban siku 90 tu, na zilipotafutwa zilikuwa zimekwisha kufutwa. Ushahidi uliokuwa muhimu kuliko wote ulipotea kwa utaratibu wa kawaida wa mashine.

Mwaka 2022 Mahakama ya Rufani ya Kanda ya Tisa ilitoa hukumu iliyolipa shirika hilo haki katika mambo ya msingi. Ilisema kwamba ni juu ya serikali kuthibitisha, pasipo shaka ya maana, kwamba imetafuta ipasavyo, na kwamba ilikosea kupuuza dalili za wazi zilizoonyesha palipo na nyaraka zaidi. Pia ilikataa sababu za jumla zilizorudiwarudiwa katika jedwali ambalo serikali hutakiwa kulitoa kueleza kila neno lililofunikwa, na ikaona kuwa haikuwa halali kufunika mambo yasiyomtambulisha mtu, kama vile sehemu ya anwani ya barua pepe inayotaja idara au kampuni. Funzo lake ni hili: wino mweusi nao unapaswa kutolewa sababu.

Kisa cha Johana Medina León, raia wa El Salvador, kinaonyesha upande mwingine. Aliugua akiwa kizuizini New Mexico, akaachiliwa rasmi mwishoni mwa Mei 2019 alipopelekwa hospitalini, na akafariki El Paso tarehe 1 Juni. Kwa kuwa alikuwa ameachiliwa, anayeomba nyaraka za 'vifo vilivyotokea kizuizini' kwa maneno hayo tu huweza asilikute jalada lake. Fasili ya neno moja humtoa mtu katika hesabu.

6.0 Faragha na kutoweka kwa kategoria

Si kila waraka unaonyimwa umenyimwa kwa hila. Jalada la mtu aliyebadili jinsia huweza kuwa na habari za afya yake, za dhuluma alizotendewa na za watu aliowakimbia. Likisambaa, linaweza kumfuata hadi kwao. Mahakama Kuu Kabisa ilikwisha kusema mwaka 1989 kwamba shabaha ya sheria ni kufichua matendo ya serikali, na si maisha ya watu walioandikwa na serikali. Mwaka 2004 iliongeza kwamba hata baada ya kifo familia ina faragha yake. Ombi la haki, basi, ni lile linalolenga matendo ya maofisa, linalokubali majina yafunikwe, na linaloomba jalada la mtu binafsi kwa idhini yake ya maandishi.

Hatari kubwa zaidi kwa sasa ni nyingine. Amri ya rais ya tarehe 20 Januari 2025 iliziagiza idara zitambue jinsia mbili tu, kama zilivyo tangu mwanzo wa uhai wa mtu, na ikaigusa mipango ya vizuizi waziwazi. Katika mwaka huohuo idadi ya waliobadili jinsia iliondolewa katika takwimu ambazo ICE ilikuwa ikizitangaza. Kwa kuwa sheria haimlazimishi mtu kutunga waraka usiokuwapo, kategoria isiyoandikwa haiombeki. Mtafiti hulazimika kupitia njia za mzunguko: malalamiko, taarifa za kutengwa, mikataba ya vituo na barua za ndani.

Utunzaji nao ni uwanja wa mapambano. Idara ya Nyaraka za Taifa iliwahi kuidhinisha ratiba ya ICE ya kuharibu nyaraka za vizuizi, zikiwemo za vifo na za madai ya dhuluma za kingono. Vyama vya wanahistoria vilikuwa miongoni mwa waliokwenda mahakamani, na mwezi Machi 2021 mahakama ya Washington iliitengua idhini hiyo.

7.0 Hitimisho

Imeelezwa kwamba haki ya kupata nyaraka haikamiliki kwa kuandikwa katika sheria. Hutegemea mwombaji anayejua waraka uitwavyo, idara inayotafuta kwa nia njema, mahakama inayodai sababu, na mtunza kumbukumbu asiyekubali kuharibu kabla ya wakati. Kwa wanafunzi wa isimu na tafsiri mada hii ina maswali yanayosubiri utafiti: namna ya kutafsiri viwakilishi vya Kiingereza pale ambapo jinsia ndiyo hoja yenyewe, na namna ya kuunda istilahi za Kiswahili zisizomhukumu anayetajwa. Maswali hayo yana uzito, kwani kwa mtu aliyefia kizuizini neno lililomo katika jalada huenda likawa ndilo shahidi pekee aliyesalia.