Marekani: Msimu wa maboga wakutanisha mama wa Kongo na watoto wao jikoni

Mwezi wa Oktoba, wakati wakulima wa Kivu wanapalilia mahindi na maharagi, kule Grand Rapids, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, watu wanavuna. Majani ya miti yanageuka mekundu na manjano, kisha yanaanguka. Mbele ya maduka yanapangwa maboga makubwa yenye rangi ya machungwa, na mashamba ya pome yaliyo karibu na mji yanafungua milango ili familia zije kuchuma zenyewe. Kati ya familia hizo ziko pia za Wakongo.

Grand Rapids ni mmoja wa miji ya Marekani ambamo watu wa mashariki mwa Kongo wamejenga maisha mapya. Katika mwaka wa hesabu ulioisha Septemba 2023, Marekani ilipokea wakimbizi wapatao 60,000, na zaidi ya 18,000 kati yao walitoka Kongo, kuliko nchi nyingine yoyote. Wengi walipitia kwanza kambi kama Nyarugusu kule Tanzania, au Nakivale kule Uganda, na wengine walikaa humo zaidi ya miaka kumi. Mtoto aliyefika akiwa na miaka mitatu sasa anacheza na kugombana kwa Kiingereza. Mama anamwita kwa Kiswahili, yeye anajibu kwa Kiingereza. Baba anatoka kazini asubuhi, mama anaingia mchana, na mara nyingi jumamosi ndiyo siku pekee ambayo wote wako nyumbani.

Siku hiyo ndipo boga linapoingia.

Waamerika wengi hawanunui boga hilo kubwa ili walile. Wanalitoboa macho na meno, wanaweka mshumaa ndani, na kuliacha mlangoni hadi sikukuu ya Halloween, tarehe 31 Oktoba. Baadaye mengi yanaishia kwenye takataka. Kwa mama aliyekulia Fizi au Masisi, ambako boga ni chakula tangu majani hadi mbegu, jambo hilo ni gumu kulitazama. Mtoto naye anataka boga lenye sura kama la wenzake wa masomoni. Hapo panapatikana mapatano: mtoto achore sura, mama achukue mbegu.

Kazi hiyo haihitaji ufundi. Mama anakata juu ya boga, mtoto anaingiza mikono na kuvuta utumbo wote ule wenye kuteleza, na kwa watoto hiyo ndiyo sehemu tamu kuliko zote. Mbegu zinatiwa ndani ya beseni la maji. Zinaelea, na nyuzinyuzi zinaachana nazo. Zinakaushwa juu ya kitambaa, zinapakwa mafuta kidogo na chumvi, kisha zinatandazwa juu ya sahani ya chuma na kuingizwa katika tanuri yenye joto la digrii 160 hivi. Baada ya dakika 20 au 25, ukizigeuza mara moja katikati, zinakuwa na rangi ya dhahabu na zinalia mdomoni. Mama mwingine huziweka kando nusu yake, azimenye na kuzitwanga kwa ajili ya mchuzi, ule ambao Wakinshasa huita mbika.

Nyama ya boga la Halloween ina maji mengi na nyuzi, haina ladha sana. Anayetaka kupika boga lenyewe heri anunue yale madogo, mazito, yanayouzwa kwa ajili ya keki. Na boga lililokaa siku tatu mlangoni na mshumaa ndani si la kula tena, hata kama moyo unauma kulitupa.

Wengi hawafahamu kwamba maboga, mahindi na karanga, vyakula ambavyo kila mtu wa Kivu angeapa ni vya mababu zake, asili yake ni bara la Amerika. Vilifika Afrika baada ya safari za Wazungu kuvuka Atlantiki mwishoni mwa karne ya 15. Hivyo mama anayekaanga mbegu za boga Michigan anapika kitu kilichosafiri kikarudi.

Kwenye pome, mwalimu ni mtoto. Yeye ndiye alipelekwa shambani na darasa lake, ndiye anajua ipi ni chachu na ipi ni tamu. Pome zinamenywa, zinakatwa vipande, zinachemshwa na maji nusu glasi na mdalasini kidogo. Baada ya dakika 20 zimelainika, na hata mtoto wa miaka minne anaweza kuziponda kwa mwiko. Sukari si lazima.

Halafu kuna mandazi. Waamerika wana mandazi yao ya msimu huu, yenye tundu katikati, yanayokandwa kwa maji ya pome waliyoyaita cider. Mkongo aliyesoma Kifaransa akisikia neno hilo hudhani ni pombe, maana cidre ya Ufaransa inalewesha. Ya Marekani kwa kawaida ni maji tu ya pome zilizokamuliwa. Vikombe viwili vikichemshwa hadi kubaki nusu kikombe, vinatiwa ndani ya unga badala ya sehemu ya maji, na mengine yote ni mandazi yale yale ya nyumbani. Maji yasiyochemshwa kiwandani huwa na onyo kwenye chupa, na watoto wadogo wasiyanywe hivyo hivyo.

Goma au Bukavu, msichana wa miaka minane anaweza kuwasha babula peke yake na kungoja makala yashike. Kule, wazazi wapya wanafundishwa kutomwacha mtoto bila mkubwa karibu na moto. Wengine huona ni kuwadekeza. Lakini matokeo yake ni kwamba kazi ambayo mama angemwachia binti, sasa wanaifanya wakiwa wawili, na wakiwa wawili wanasema. Mtoto anayekanda unga lazima asikie tofauti kati ya kukanda na kukoroga, kati ya kumenya na kukata, kati ya kutwanga na kusaga. Mikono inamwonyesha maana kabla hajauliza kwa Kiingereza.

Mambo yanakwaza kwenye mlango wa masomo. Shule nyingi hazipokei karanga, kwa sababu wako watoto ambao karanga kidogo tu inawafunga koo na inaweza kuwaua. Nyingi pia hazitaki chakula kilichopikwa nyumbani kwa sherehe za darasa, ila kile cha duka kilichofungwa. Mama aliyeamka mapema kupika, kisha akaona mandazi yanarudi ndani ya mfuko, anaweza kudhani amedharauliwa. Heri kuuliza kabla. Na kwa wadogo wa chini ya miaka minne, madaktari wanakataza karanga nzima, mahindi ya kupasuka na vipande vigumu vya pome mbichi, kwa hofu ya kupaliwa.

Saa sita za mchana Grand Rapids mwezi huo ni saa kumi na mbili za jioni Goma, na simu za WhatsApp huita wakati huo. Nyanya aliyebaki anaulizwa kama mbegu zitwangwe na ganda au bila ganda. Wengi waliokuwa wakingoja zamu yao ya kusafiri bado wako walikokuwa: Marekani ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi Januari 2025, mwezi ule ule ambao Goma ilianguka mikononi mwa M23. Basi somo la upishi linapita kwenye simu, kama mtandao unakubali. Mtoto anageuza kamera ili nyanya aone sahani.

Ifikapo tarehe 1 Novemba, sikukuu imekwisha na maduka yanashusha bei ya maboga yaliyobaki. Wanaojua wanakuja siku hiyo na gari tupu.