Mazoezi kwa Mwendo wa Kano

Vidole vya mkweaji wa miamba havina misuli ya kuvikunja. Misuli hiyo imelala kwenye kigasha, na nguvu yake hufika vidoleni kupitia kano ndefu zilizofungwa kwenye mifupa kwa pete ngumu za tishu. Mtu anaponing'inia kwenye kishikio chembamba huku vidole vimepinda, pete hizo ndizo huzuia kano zisibanduke mfupani, na mara nyingi ndizo huchanika. Kwa hiyo kazi ngumu ya kocha wa wakweaji bora si kuwaongezea nguvu. Misuli huitikia mazoezi ndani ya wiki chache. Kazi ni kuichelewesha misuli isizidi uwezo wa kinachoishikilia. Mwaka 2013 watafiti wa Denmark walipima, katika kano za kisigino, kaboni iliyotokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia, wakakuta kwamba kiini cha kano hujengeka karibu chote katika miaka 17 ya kwanza ya maisha, kisha hakibadiliki sana. Kisigino si kidole, sawa, lakini onyo hilo halipuuziki.

Mtu atauliza: mbona Wolfgang Güllich alifanikiwa kwa kutumia nguvu? Mjerumani huyo ndiye aliyetundika huko Nuremberg, mwaka 1988, ubao wa vipande vya mbao vya kurukia kwa vidole, miguu ikielea, na mwaka 1991 akapanda Action Directe, njia ambayo hapo awali hakuna aliyeiweza. Ni kweli, ila alikuwa na umri wa miaka 30 hivi, na nyuma yake kulikuwa na miaka mingi ya kupanda miamba. Mpe ubao huohuo mtoto wa miaka 14 na mzigo utaangukia gegedu ambako mfupa wa kidole bado unarefuka. Madaktari wameona nyufa hapo kwa vijana wengi. Hoja ya kwamba mkweaji Toby Roberts alipata dhahabu ya Olimpiki ya Paris 2024 akiwa na miaka 19, na Sorato Anraku fedha akiwa na 17, hailipingi jambo hili. Walianza wakiwa wadogo, na kama kiini cha kano hujengwa utotoni, huo ndio wakati wa kupanda sana, kwa vishikio vya kila namna, si wa kurudia mshiko mmoja mkali.

Ipo njia ya mkato inayovutia zaidi, nayo ni kupunguza uzito. Hesabu yake haina kosa: nguvu ileile ikibeba kilo chache, mtu hupanda vizuri zaidi, kwa muda. Lakini mwili wenye njaa huacha kutunza mifupa, homoni huvurugika, na majeraha hupona polepole. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu lilianza mwaka 2024 kutumia kanuni za kuwachunguza wanamichezo kuhusu upungufu huo wa nishati, hatua iliyochelewa, kwa maoni yangu, maana kocha anayesifiwa kwa medali ya msimu huu ni nadra kuulizwa habari za mifupa ya mwanafunzi wake miaka kumi baadaye.